Saba wa Mladost

Mwamuzi alituhesabu kwa kidole, mmoja mmoja, kama mfugaji anavyohesabu kuku asubuhi baada ya kusikia mbweha usiku. Alifika saba. Akarudia kuanzia upande wa pili, akafika saba tena.

"Wengine wako wapi?" aliuliza.

"Hispania," alijibu Rangel, nahodha wetu. "Wanachuma machungwa. Kama una subira, tuwangoje."

Mwamuzi hakucheka. Alikuwa kijana wa mjini, soksi zimevutwa hadi magotini, saa mbili mikononi, moja kila mkono. Alitutazama sisi, kisha uwanja ulioinama nyuma yetu, kisha korongo lililoanzia pale uwanja ulipoishia, na nadhani alijuta kuamka siku ile.

"Saba ndio mwisho," alisema. "Mmoja akitoka, kwa kuumia au kwa kadi, navunja mchezo. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mwanangu," alisema Velika kutoka kwenye benchi bila kuinua macho. "Wewe puliza tu."

Velika alikuwa mwenyekiti wa klabu. Kiti hicho kilikuwa cha mumewe; mumewe alipofariki, Velika alikikalia kabla mtu yeyote hajapata muda wa kupendekeza jina jingine, na hakuna aliyethubutu kumwinua. Siku za mchezo alikuja na kapu la majani ya tumbaku na sindano yake ndefu ya chuma, akayatunga majani kwenye uzi huku akitazama mpira. Ilikuwa mwisho wa Septemba, wakati wa majani ya juu kabisa, yale madogo ya mwisho. Vidole vyake viliijua kazi bila msaada wa macho. Aliyetaka kujua hali ya mchezo hakuwa na haja ya kuutazama uwanja. Aliitazama sindano ya Velika.

Hali yetu ilikuwa hivi. Msimu ule tulikuwa tumeshindwa kutokea uwanjani mara mbili. Mara ya kwanza tulikuwa watano. Mara ya pili tulitimia, lakini gari la maziwa la Rangel, ambalo ndilo lililokuwa basi letu, lilizimika kwenye kona za mlimani, na wapinzani wakapewa ushindi wakati sisi tukilisukuma. Chama cha soka cha wilaya kilitutahadharisha kwamba mara ya tatu ingekuwa ya mwisho: klabu ingefutwa, na uwanja, ambao ulikuwa wetu maadamu klabu ipo, ungerudi mikononi mwa wilaya. Tayari alikuwa amekuja bwana mmoja kuupima, akisema pangefaa sana kwa misonobari. Na mchezo uliovunjwa kwa upungufu wa wachezaji ulihesabiwa sawa na kutotokea.

Kwa hiyo siku ile hatukuhitaji kushinda. Hatukuhitaji hata bao moja. Tulihitaji kumaliza tukiwa saba, tumesimama.

Mimi nilikuwa golini. Jina langu ni Lyuben, na hadi Juni ya mwaka ule nilikuwa mwalimu wa shule ya kijiji chetu, Brezovik. Wanafunzi wangu wa mwisho walikuwa ndugu watupu, watoto wa nyumba moja, na wazazi wao walipohamia mji wa Plovdiv, shule ilihama nao. Nilifunga mlango mwenyewe. Nilitia ufunguo ndani ya bahasha, nikaupeleka wilayani, karani akaupokea bila kuniuliza ulikuwa wa mlango gani. Kabla ya shule lilikuwa limefungwa ghala la tumbaku, na kabla ya ghala, zahanati. Duka lilifunguliwa siku mwenyewe alipojisikia. Nilirudi kijijini kwa miguu, na njiani nikaamua kwamba nimekwisha kufunga mlango mmoja na sitafunga wa pili.

Asubuhi ya mchezo nilichuma tumbaku na mama yangu tangu umande haujakauka, na sikunawa mikono. Hiyo ilikuwa siri ya makipa wote wa Mladost. Utomvu wa tumbaku huganda viganjani, mweusi na wenye kunata, kiasi kwamba mpira ukigusa hapo hukubali kukaa. Sijawahi kumiliki glavu.

*

Wageni walitoka mji wa bondeni. Walikuwa timu kamili na akiba juu yake, jezi mpya, viatu vya njumu vinavyong'aa. Nahodha wao aliitwa Galin, kijana mrefu, mwepesi, aliyenyolewa vizuri pembeni, mwenye mguu wa kulia ambao wilaya nzima ilikuwa ikiuzungumzia. Walipokuwa wakipasha mwili, aliupiga mpira wao kwa mzaha, ukapaa juu ya mstari wa chini, ukatumbukia korongoni. Tuliusikia ukigonga matawi, kisha ukanyamaza.

"Nani anaufuata?" Galin aliuliza.

"Wewe," Velika akasema.

"Mimi?" Aligeuka kuwatazama wenzake. "Mama, kwetu mpira hufuatwa na watoto."

"Kwetu aliyeupiga anashuka mwenyewe. Na hao watoto, kama utawaona popote hapa, niite. Nami nawatafuta."

Walicheka. Hakuna aliyeshuka. Mpira mwingine hawakuwa nao, lakini waliona heri kuupoteza huo kuliko kuchanwa na miiba, wakauliza kama wangeweza kupashia kwa mpira wetu. Kwa hiyo mchezo ulianza ukiwa na mpira mmoja, wa kwetu, uliochakaa upande mmoja.

Sheria ile ilikuwa na umri mkubwa kuliko mtu yeyote aliyekuwapo. Babu yangu alikuwa miongoni mwa walioanzisha klabu, vijana wa ghala la tumbaku ambao walikuwa wameuona mpira mjini mara moja na hawakuweza kuusahau. Kijijini hapakuwa na tambarare hata ya kuanikia blanketi. Majira ya baridi, tumbaku ikiwa imekwisha kuuzwa, wanaume walikata mlima kwa majembe, na wanawake wakabeba udongo kwa makapu, wakaumwaga upande wa chini ili uwanja upanuke. Walikusudia kuusawazisha wote. Kisha wakagonga mwamba. Baruti haikuwapo, na hata kama ingekuwapo, nyumba za juu zingeanguka. Waliachia hapo hapo. Ndiyo maana uwanja wa Brezovik huinama kutoka mstari wa juu hadi mstari wa chini, na mpira ukiachwa peke yake huteremka kama ng'ombe anayejua njia ya kwao.

Mpira wa kwanza waliupata kwa kumuuza nyumbu wa babu. Jumapili ya kwanza kabisa uliingia korongoni. Mpigaji alisema aliyeugusa wa mwisho ni beki. Beki akasema mpigaji. Familia zao zikaingilia kati, kasisi akaitwa, na wakati wote huo kijito cha chini kilikuwa kikiusafirisha mpira kuelekea Ugiriki. Hawakuuona tena. Mpira wa pili uliponunuliwa, sheria ilitungwa kabla haujajazwa upepo: aliyeupiga hashtaki, habishani, hangoji kuambiwa. Anashuka. Mtoto wa Brezovik alijifunza sheria hiyo kabla ya kujifunza kusoma. Mimi niliyemfundisha kusoma naweza kuthibitisha.

Waliita klabu Mladost, yaani Ujana. Enzi za Chama cha Kikomunisti, kamati ilitubadilishia jina ikatuita Trekta Jekundu, na watu wote wakaendelea kusema Mladost. Jina la kwanza liliporudishwa rasmi, vijana walikuwa wameanza kuondoka.

*

"Hakuna kurukia miguu," Rangel alituambia kabla ya filimbi. Tulikuwa tumesimama duara dogo mno. "Hakuna kukimbilia mpira usioweza kuufikia. Hakuna kumjibu refa. Sabri, hasa wewe."

"Kwani mimi nimesema nini?" Sabri akauliza.

"Bado. Ndiyo maana nakuambia mapema."

Sabri alikuwa fundi wa kuezeka paa, na hasira yake iliwahi kumletea kadi nyekundu kabla ya mpira kuguswa. Mbele yake walicheza mapacha, Boyan na Biser, waliosafiri usiku kucha kutoka kwenye mashamba ya mizeituni ya Ugiriki na ambao wangerudi jioni ile ile. Dinko mwoka mikate hakuwa na pumzi, lakini alikuwa na kadi ya mchezaji iliyo hai. Na wa saba alikuwa Mzee Prodan.

Mzee Prodan alikuwa winga wa kushoto wa Mladost tangu enzi za Trekta Jekundu. Alikuwa amestaafu udereva wa basi, alikuwa na wajukuu ambao aliwaona kwenye picha, na magoti yake yalilia kama bawaba. Hakuwa amecheza mchezo wa ligi kwa miaka mingi. Lakini Velika aliihuisha kadi ya kila mwanachama kila mwaka, pamoja na za walioko Hispania, na kwa muda fulani pamoja na ya marehemu mumewe, mpaka mwamuzi mmoja alipouliza kwa nini huyu bwana haonekani.

Galin alimwona akifunga kamba za viatu.

"Babu, umekuja kucheza au unangoja basi?"

"Basi nililiendesha mimi, mwanangu," Mzee Prodan alijibu. "Baba yako alikuwa akipandia mlango wa nyuma ili asilipe. Msalimie."

Hata mapacha, waliokuwa wakisinzia wima, walicheka.

Kipindi cha kwanza kilikuwa mvua ya mawe. Saba dhidi ya kumi na mmoja ni kama kufunika kitanda kikubwa kwa shuka la mtoto. Ukivuta huku, kule kunabaki wazi. Tulijipanga mbele ya goli langu, tukaupiga mpira mbali, ukarudi, tukaupiga tena. Niliokoa mingi. Mingi zaidi ilinipita. Wavu wetu ulikuwa umesukwa na wanawake wa kijiji kwa uzi wa tumbaku, na kila bao lilipoingia, wavu ulitoa harufu ya ghala, ile harufu kavu na tamu ya utoto wangu, hata nikaanza kuyahesabu mabao kwa pua. Tulikwenda mapumziko tukiwa nyuma kwa mabao sita. Velika alituletea maziwa ya mgando yaliyochanganywa na maji na tango. Hakutupa mawaidha.

"Mko wangapi?" aliuliza tu.

"Saba," tukasema.

"Basi tunaongoza."

*

Katikati ya kipindi cha pili, ilipokuwa tisa bila, Galin alimpita Dinko, akampita Biser, na mpira ukamkimbia kidogo kuelekea mstari wa chini. Mzee Prodan alikuwa pale. Kwa miaka yote aliyocheza, pale palikuwa pake. Alifanya jambo la busara ambalo beki yeyote aliyechoka angelifanya: alijipinda, akauchapa mpira kwa mguu wake wa kushoto, ukaruka mstari, ukaingia korongoni.

Kisha akafanya jambo ambalo mtu wa Brezovik tu angelifanya. Aliufuata.

Hakufikiri. Naapa hakufikiri, kwa sababu nilimwona uso, na uso wake ulikuwa wa mtu anayezima taa anapotoka chumbani. Aliruka mstari, akashika tawi, akazama miguu kwanza mpaka kofia yake ya sufu ikatoweka.

"Mzee Prodan!" Rangel alipiga kelele. "Rudi! Mzee, rudi!"

Kidole cha mwamuzi kilikuwa tayari hewani. Mmoja, wawili, watatu. Kilifika sita, kikasimama.

Niliitazama sindano ya Velika. Ilikuwa imesimama pia, jani likiwa nusu ndani.

"Mko sita," alisema mwamuzi.

"Vunja, refa," Galin alisema, akifuta jasho kwa jezi. "Twende nyumbani. Hii nayo ni nini?"

Sabri alifungua mdomo. Rangel alimziba kwa kiganja, kiganja kizima, akamshikilia hivyo. Mimi nilitoka golini nikatembea, sikukimbia, hadi alipokuwa mwamuzi. Nilizungumza naye kama nilivyokuwa nikizungumza na wakaguzi wa shule.

"Bwana mwamuzi, kanuni inasema mchezo usiendelee timu ikiwa na sita. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Je, unaendelea?"

Alitazama huku na huku. Mpira haukuwapo. Mpira mwingine haukuwapo pia. Ule wa wageni ulikuwa korongoni vilevile, na sababu yake aliijua, maana aliiona.

"Umesimama," alikiri.

"Unangoja mpira. Na mpira unaletwa na mchezaji wa saba."

Alizitazama saa zake, ya kulia kisha ya kushoto, kana kwamba mojawapo ingemwonea huruma. "Nitangoja mpira," alisema mwishowe. "Ukifika bila yeye, navunja."

Tulisogea hadi mstari wa chini, tukasimama ukingoni kama watu wanaotazama kisima. Tulisikia matawi yakivunjika. Tulisikia sauti ya Mzee Prodan, mbali, yenye furaha: "Nimeupata!" Kisha tulisikia jiwe likiteleza, mlio mfupi, na baada ya hapo kijito tu.

Boyan alikwisha kuvuka mstari kwa mguu mmoja.

"Ukishuka, mnabaki watano," mwamuzi alimwambia. Hakusema kwa ubaya. Nadhani alikuwa ameanza kuhesabu pamoja nasi.

Boyan alirudisha mguu. Hapo ndipo tulipoielewa hali yetu vizuri: sita wenye nguvu, tumesimama juu ya mtu wetu, na hakuna hata mmoja anayeruhusiwa kumpa mkono. Rangel alivua kitambaa cha unahodha akakizungusha kidoleni. Sabri alikuwa akilia kwa hasira, kimya kimya, kama alivyoagizwa.

Velika aliichomeka sindano kwenye kapu. Aliinuka, akakaza kitambaa cha kichwani, akapita katikati yetu.

"Mimi sina jezi," alimwambia mwamuzi, akashuka.

Hatukuona kitu kwa muda mrefu. Tulimsikia akimsema Mzee Prodan kwa sauti ya chini isiyokatika, jinsi mtu anavyomsema punda mpendwa: kwamba tangu shuleni hana akili, kwamba marehemu mumewe alikuwa akilisema hilo, kwamba mguu mmoja bado mzima na huo ndio wa kutumia. Vichaka vilitikisika. Kwanza ukatokea mpira, chini ya kwapa. Kisha kofia ya sufu. Kisha Mzee Prodan mzima, amechanika mikono, akirukaruka kwa mguu mmoja, na nyuma yake Velika akimsukuma kwa mabega yote mawili kama tulivyolisukuma gari la maziwa.

Mwamuzi alimtazama kifundo. Kilikuwa kimevimba juu ya kiatu kama mkate wa Dinko.

"Unaweza kusimama?"

"Sasa nafanya nini hapa? Nimelala?"

"Ukiketi, navunja."

"Basi usilete kiti," alisema Mzee Prodan.

*

Tulimweka kwenye nguzo ya goli langu, upande wa chini. Aliikumbatia kwa mkono mmoja, na tukacheza. Nakumbuka yaliyofuata kwa vipande: Biser akitapika karibu na bendera ya kona kisha akirudi mahali pake bila kupangusa mdomo, bao la kumi, bao la kumi na moja, harufu ya ghala. Na karibu nami wakati wote, pumzi za Mzee Prodan, kila moja ikiwa na kitu kama mchanga ndani yake.

"Lyuben," aliniita, mpira ukiwa mbali kidogo.

"Niko hapa, mzee."

"Usiniache nikae."

"Sikuachi."

"Ukiona nimeanza kuteremka, nitukanie mama. Nitasimama nikupige."

Makaburi ya Brezovik yako juu ya uwanja, nyuma ya mstari wa juu, na mama yake alikuwa pale. Nilitazama huko bila kukusudia.

"Atakusamehe," alisema. "Alikuwa mwanachama."

Alianza kuteremka mara mbili. Mara zote mbili nilitimiza nilichoombwa, kwa maneno ambayo sikuwahi kuyatamka mbele ya mtu aliyenizidi umri, na mara zote mbili alisimama.

Kisha Galin akaupata mpira peke yake.

Rangel alikuwa amepitwa, mapacha walikuwa nyuma, Sabri alisimama mbali mikono mgongoni, akijizuia. Kati ya Galin na goli tulikuwa wawili: mimi, na mzee aliyekumbatia nguzo. Galin aliinua kichwa. Nilipanua mikono yangu myeusi. Mzee Prodan aliiachia nguzo. Sijui alitaka kufanya nini. Aliiachia tu, akasimama wima mbele ya kijana yule kwa mguu mmoja, akayumba, akatulia.

Galin alimtazama, kisha akaupiga.

Hadi leo sijui. Nimelifikiria pigo lile katika usiku mwingi wa majira ya baridi. Mguu ule wa kulia ulikuwa haujakosa mchana kutwa, na goli lilikuwa karibu na lilikuwa wazi. Mpira ulipaa pembeni, juu sana, juu ya mstari wa chini. Tuliusikia ukigonga matawi.

Wachezaji wa wageni walitazamana. Mmoja alianza kucheka, akaona hana mwenzake. Galin alisimama mikono kiunoni, akiangalia mahali mpira ulipopotelea, kisha akaliangalia benchi. Velika alikuwa ameketi tena na kapu lake. Sindano ilipita katika jani, ikapita katika jani jingine.

Galin alivuta soksi zake juu, akavuka mstari, akashuka.

Mwamuzi alikuwa na filimbi mdomoni.

"Refa," Velika aliita, "wahesabu na hao sasa."

Aliwahesabu. Sijui kwa nini, lakini aliwahesabu, kwa kidole, mmoja mmoja. "Wako kumi," alisema.

"Wanatosha?"

"Wanatosha, mama."

Tulingoja. Chini vichaka vilitikisika, vikatulia, vikatikisika mahali pengine, mbali zaidi, upande wa kijito. Mzee Prodan alikuwa ameirudia nguzo na kuishika kwa mikono yote miwili, paji la uso likiwa juu ya mbao. Jua lilikwisha kuufikia mlima. Mwamuzi aliitazama saa ya kulia. Aliitazama ya kushoto. Alitugeukia, kidole kikapanda kwa mara ya mwisho, nacho kikatupitia polepole, bila haraka yoyote, hadi kwenye nguzo.

"Saba," alisema, akapuliza.

Mzee Prodan aliketi. Aliketi taratibu sana, kwa heshima, kama mtu anayekalia kiti alichoandaliwa kwenye arusi.

Galin alipotokea ukingoni tulikuwa tayari tumemvua mzee kiatu. Shavu la kijana lilikuwa limechanwa na jezi yake mpya ilikuwa na matope hadi kifuani. Alikuwa na mipira miwili: wetu mkono mmoja, na mkono wa pili ule wao wa asubuhi, uliolowa na kuingia majani.

"Umekwisha?" aliuliza.

"Umekwisha," mwamuzi alisema.

Aliiweka mipira yote miwili chini ya benchi, karibu na kapu. Alisimama pale akipumua.

"Kuna miiba kweli huko chini."

"Ipo," Velika alisema. Alimpa kitambaa cha kujifutia damu. "Siku nyingine shukia upande wa mti wa jozi. Pana njia."

Waliondoka na basi lao. Mpira wao ulibaki. Rangel aliuona wa kwanza, akakimbia hadi barabarani akiupungia, lakini basi lilikuwa limekwisha pinda, na sijui kama waliusahau au waliuacha kwa makusudi. Tuliucheza ule mpira misimu mitatu. Ulikuwa bora kuliko wetu.

Siku hizi Mzee Prodan amelala juu ya mstari wa juu, si mbali na mama yake, na Velika hayuko mbali na wao. Hatujawahi kupanda daraja wala kutwaa kikombe. Miaka mingine tumekuwa kumi na mmoja, mwaka mmoja tulikuwa na akiba watano, watoto wa Sabri wakiwamo, na miaka mingine tumerudi kuhesabiwa kwa kidole. Misonobari haikupandwa.

Lakini jioni ile hatukuyajua hayo. Jioni ile mapacha walikwisha panda gari la kuelekea mpakani, Rangel alikuwa amempeleka Mzee Prodan kwa daktari kwa gari la maziwa, na uwanjani tulibaki wawili. Velika alifunga uzi wa mwisho, akaning'iniza majani begani.

"Jumapili tunacheza ugenini," alisema. "Wewe ni mtu wa barua. Waandikie wale wa Hispania. Waulize nani anarudi Krismasi."

"Na wasiporudi?"

"Nimekwambia uwaandikie. Sikukwambia uwangoje."

Alinipa ufunguo wa chumba cha kubadilishia nguo na akaondoka kwa njia ya juu. Nilikusanya jezi. Niliziweka ndoo mahali pake. Nilifunga mlango, na kwa muda nilisimama na ufunguo kiganjani. Ulikuwa umenata kwenye utomvu, na ilinibidi niubandue. Kisha niliuweka chini ya tofali la kizingiti, pale ambapo kila mtu kijijini anajua, nikaenda nyumbani kunawa.